Tupeane uzoefu: Pwani ya kusini ya Ufaransa, kuanzia Marseille hadi Menton

Mwanamwambao:
Habari zenu, wakuu. Mtu akiulizia Marseille, Nice na miji iliyo katikati yake, majibu huwa ya hoteli na fukwe tu. Ile pwani ina historia nzito, na kipande chake kikubwa kinatuhusu sisi Waafrika. Aliyefika atuambie aliona nini. Naanza mimi.

Marseille ilianzishwa na mabaharia wa Kigiriki mnamo mwaka 600 KK. Hatua chache kutoka Vieux-Port, bandari ya zamani, nyuma ya maduka ya Centre Bourse, kuna bustani yenye ukuta wao na gati la Warumi waliokuja baadaye. Magofu hayo yalifukuliwa kuanzia 1967, wakati wa kuchimba msingi wa majengo mapya. Ingieni makumbusho yaliyo hapohapo. Kuna mabaki ya mashua za Wagiriki hao, za karne ya 6 KK, na moja imeshonwa! Mbao zimetobolewa matundu madogomadogo ukingoni, uzi wa kitani ukapitishwa badala ya kupigiliwa misumari. Mimi nimekulia Lamu, habari za mtepe, jahazi letu la kale la kushonwa, nimezisikia kwa wazee tangu utotoni, na pale nilisimama mpaka mlinzi akaja kuniambia wanafunga. Mtepe ulishonwa kwa kamba ya makumbi, wao kwa kitani, lakini ufundi ni uleule. Mwaka 2013 wataalamu waliteremsha majini nakala ya mashua hiyo, wakaiita Gyptis, nayo imeshonwa kwa mkono.

Jirani wa Noailles:
Kaka, asante kwa uzi huu. Mimi nimeolewa huku Marseille. Umewasahau Wakomoro! Wako makumi ya maelfu mjini hapa, na wengi wa waliotangulia walikuwa mabaharia wa meli za Kifaransa. Nilipofika nilikuwa mpweke sana. Siku moja nikaenda soko la Noailles, nikamsalimu mama mmoja kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kingazija polepole, tukaelewana. Akanipeleka mwenyewe kwenye duka la kisamvu kilichokwisha kutwangwa. Leo Idi nasherehekea kwake, na watoto wangu wanamwita bibi.

Halafu mkipita Vieux-Port, tazameni upande wa kaskazini. Majengo ya pale mbele ni ya baada ya vita. Januari 1943 Wajerumani, wakishirikiana na polisi wa Ufaransa, waliwatoa watu kama 20,000 majumbani, kisha mwezi uliofuata mtaa ukalipuliwa kwa baruti, nyumba kama 1,500. Vichochoro vya Le Panier vilivyo juu yake ndivyo vilivyosalimika. Watalii hupiga picha za rangi za kuta, hawajui mtaa wa chini yake ulikwenda wapi.

Fundi Zege:
Mimi nawaomba mshuke Fréjus. Wengi huipita wakikimbilia Cannes.

Nje kidogo ya mji, katikati ya misonobari, kuna msikiti mwekundu wa mtindo wa Djenné, Mali. Unaitwa Missiri. Ni wa zege, si udongo, na ulijengwa karibu na 1930 kwa ajili ya askari wa Afrika Magharibi waliokuwa kambini pale. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipopigwa kaskazini, baridi iliwaua, hivyo wakawa wanaletwa pwani hii majira ya kipupwe na kurudishwa mstari wa mbele baridi ikiisha. Hauna paa, na pembeni walijenga hata vichuguu vya mchwa vya zege ili vijana wale waone kitu cha kwao. Mimi zege ndiyo kazi yangu, lakini pale nilishindwa kuongea.

Jambo la pili ni bwawa la Malpasset, juu ya mji. Lilikamilika 1954. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1959, baada ya mvua kubwa, ukuta ukapasuka na watu 423 wakafa. Zege lenyewe halikuwa na tatizo. Mwamba wa ukingo wa kushoto ulisogezwa na nguvu ya maji yaliyopenya chini ya msingi. Kuna njia ya miguu mpaka kwenye mabaki, na utapita kando ya mapande ya zege makubwa kama nyumba yaliyokokotwa na maji. Kila anayesomea ujenzi apelekwe pale.

Msomaji Kimya:
Samahani wadau, kutoka Nice kwenda Italia kwa treni, sisi wa pasipoti za Afrika Mashariki tunapita bila shida?

Mpanda Treni:
Viza ya Schengen inatosha pande zote mbili, dada. Ila treni zinazotoka Ventimiglia, mji wa Italia wa mpakani, kurudi Ufaransa hukaguliwa na polisi Menton tangu 2015, kwa hiyo beba pasipoti yenyewe, si picha ya kwenye simu. Mwaka huo wahamiaji wengi, wakiwemo Wasudani na Waeritrea, walikaa kwenye miamba ya baharini pale mpakani wakizuiwa kuvuka. Treni inapita karibu kabisa. Mimi siwezi kuitazama ile bahari nikaona malimau ya Menton peke yake.

Nice yenyewe imekuwa ya Ufaransa tangu 1860 tu, na Garibaldi, shujaa wa kuunganishwa kwa Italia, alizaliwa pale. Mji wa kale tafuta socca, chapati nyembamba ya unga wa dengu na mafuta ya zeituni. Uile ikiwa ya moto, kwa mkono, na pilipili manga.

Mwanamwambao:
Fundi umenigusa. Niongezee ya Agosti 1944. Jeshi la Ufaransa lililotua pwani hii sehemu kubwa lilitoka Afrika. Askari weusi walipigana kuikomboa Toulon, na Waalgeria ndio waliopanda kilima cha kanisa la Notre-Dame de la Garde, Marseille, tarehe 25. Msimu wa vuli askari weusi wengi wakaondolewa mstari wa mbele, nafasi zao wakapewa vijana wa Kifaransa. Kanisani bado kuna matundu ya risasi ukutani. Basi namba 60 linatoka Vieux-Port hadi juu, lakini kushuka shukeni kwa miguu, maana kifaru kilichopigwa siku hiyo, Jeanne d'Arc, kiko kwenye mteremko na basini hamtakiona vizuri.