Naomba ushauri: mazoezi ya nyumbani kwa mgonjwa wa MS anayejikinga na korona

Habari zenu ndugu. Naomba mawazo ya wenye uzoefu na maltipo sklerosisi (MS), yaani ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia ganda la neva, hasa watu wa fiziotherapia na ushauri nasaha.

Mgonjwa ni mama wa miaka 41, anatembea kwa fimbo moja. Dawa zake zinashusha kinga, kwa hiyo tangu korona iingie hatoki nje. Lengo lilikuwa lile la kawaida: dakika 30 za kuongeza mapigo ya moyo mara 2 kwa wiki, na mazoezi ya nguvu mara 2.

Anachofanya ni kuinuka na kuketi kitini mara 10, raundi 2, kuvuta mkanda wa mpira, na kupiga hatua papo hapo akishika meza. Shida ni joto. Ikifika dakika ya 12 hivi anaona ukungu na miguu inakuwa mizito. Ni joto la mwili linalokwamisha mawasiliano kwenye neva zilizopoteza ganda, wala si ugonjwa kuamka upya, maana akipoa nusu saa hali inarudi. Yeye haamini. Anaogopa, anaacha siku 4, kisha anafidia zote kwa mkupuo na kulala hoi. Feni na maji baridi kabla ya kuanza vimesaidia kidogo tu.

Nikigawa vipindi vya dakika 5, apumzike muda gani katikati ili uchovu usilimbikizane? Na hofu hiyo mnaishughulikiaje kwa simu tu? (Kumwambia "usiwaze" kunamkera, hilo nimeshaliona.)