Tupeane uzoefu: ni hoja gani iliyomfanya mtu wa kwenu asikilize kuhusu haki za wapenzi wa jinsia moja?

Nyar Manyatta, Kisumu

Hamjambo wote. Ndugu yangu mdogo ni shoga, na neno hilo nalitumia kwa sababu mwenyewe hulitumia. Ni miaka minane sasa nabishana kwa ajili yake: mezani, matangani, ndani ya matatu, hata kwenye foleni ya maji. Mara nyingi nimeshindwa. Naomba tuelezane, ulisema nini mtu akanyamaza akafikiri? Na ulisema nini ukaharibu kabisa?

Naanza na langu. Zamani nilikuwa na hoja moja tu: kazaliwa hivyo, hakuchagua. Siku moja baba mdogo akanijibu, "Hata mwenye hasira za kuua husema kazaliwa nazo. Tumwache?" Nikakosa la kusema. Halafu tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ikakataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya, vile vinavyofanya ngono ya jinsia moja kuwa kosa la jela, na majaji nao wakasema hakuna ushahidi kamili wa kisayansi kwamba mtu huzaliwa hivyo. Nililia siku hiyo. Baadaye nikaona tulikosea wapi: tuliitundika haki ya mtu kwenye msumari mmoja, na ukichomoka, kila kitu chini. Mbona dini hatuzaliwi nayo? Nusu ya ukoo wetu wamehama makanisa, wengine mara mbili, na Katiba bado inawalinda.

Ikaja 24 Februari 2023, kesi ya Eric Gitari. Shirika lake lilinyimwa usajili kwa sababu jina lilitaja mashoga na wasagaji. Alishinda Mahakama Kuu 2015, akashinda Mahakama ya Rufaa 2019, na Mahakama ya Juu akashinda kwa majaji 3 dhidi ya 2. Ndoa hakuigusa. Vifungu vya jela hakuomba vifutwe. Alishika hasa kifungu cha 36 cha Katiba, haki ya watu kuungana, ile ile wanayoitegemea akina mama wa soko la Jubilee na chama chao. Baba mdogo ni mweka hazina wa Sacco ya boda boda. Nikamuuliza, "Baba, msajili akikataa Sacco yenu kwa kuwa hawapendi wanachama, mtafanyaje?"

"Tutaenda kortini."

"Basi kesi yenyewe ndiyo hiyo."

Ushoga hakuukubali. Lakini aliniuliza swali, na miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kuniuliza, alikuwa ananiambia tu.

Mwana wa Kehancha, Migori

Mimi niliharibu, na bado naona aibu. Nilisoma mahali kwamba ukiambiwa ushoga si wa Kiafrika, jibu ni ndoa za wanawake kwa wanawake. Sisi Wakuria tunazo: mama asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa msichana, watoto wanakuwa wa nyumba yake. Wanandi pia wanazo, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilitambua mke wa ndoa ya namna hiyo katika kesi ya urithi. Nikaitoa hoja hiyo mbele ya wajomba, bibi yangu ameketi pale pale. Akasema polepole, "Mjukuu wangu, mimi niliolewa na mwanamke. Alinioa nimzalie ukoo. Usinitumie kwa maneno yasiyo yangu."

Alikuwa na haki. Nilimgeuza mzee wangu kuwa kielelezo bila kumuuliza. Siku hizi nikiitaja mila hiyo nasema tu kile inachoonyesha kweli, kwamba wazee wetu walipoona nyumba itazimika, walijua kulipanua neno ndoa. Sivuki hapo.

Na hii ya "sheria ililetwa na mkoloni" iwe na mipaka. Ni kweli, vifungu vyetu vina mizizi kwenye kanuni ya adhabu ambayo Waingereza waliiandikia India mwaka 1860, na wao wenyewe kule Uingereza na Wales walianza kuilegeza sheria yao 1967. Lakini niliposema hivyo, mjomba akauliza, "Na Biblia uliyoshika ililetwa na nani?" Mtumieni hoja hiyo yule anayedai kifungu cha 162 ni amri ya mababu. Kwa mwingine haifiki popote.

Mama wa Section 58, Nakuru

Mimi nilikuwa upande ule mwingine, kwa hivyo nitawaambia kilichonisogeza. Hakikuwa hoja.

Januari 2014 mwandishi Binyavanga Wainaina, mtoto wa hapa hapa Nakuru, alijitangaza hadharani kuwa ni shoga. Aliandika kana kwamba anamwambia mama yake ambaye alikuwa ameshafariki. Mume wangu alisoma, akakunja karatasi, akasema, "Huyu kijana alichelewa kumwambia mama yake." Tukaendelea na chai. Wala hatukujua tunazungumzia nyumba yetu.

Kijana wetu alituambia 2019, mwezi ule ule wa Mei ambao Binyavanga alifariki. Alifariki tarehe 21, siku tatu kabla ya ile hukumu ya Nairobi. Nilipiga kelele, sitaficha. Nilitaja Sodoma, nilitaja kanisa, nilitaja shangazi zake watasemaje. Mume wangu akaniacha nimalize, kisha akasema, "Huyu hakuchelewa." Neno hilo moja. Nimewahi kusikia mihadhara mingi ya haki za binadamu baada ya hapo, mingine mizuri, lakini hakuna uliofanya kazi kama lile neno la mume wangu jikoni usiku.

Shemasi, Siaya

Nawasalimu katika jina la Bwana. Sikubaliani nanyi, niseme wazi, na mimi nafundisha kwamba jambo hili ni dhambi. Lakini umeuliza nani alisikiliza na kwa nini, nami nilisikiliza mara moja.

Kwanza kilichoshindwa. Obama alipokuja Julai 2015, alisimama Nairobi akafananisha ubaguzi wa mashoga na ule waliofanyiwa watu weusi kwao Marekani. Hapa Siaya tulikuwa tumempikia kuku moyoni mwetu, ni mtoto wetu, lakini maneno hayo yalipita juu ya vichwa. Sisi hatukuishi chini ya ubaguzi ule wa Marekani. Ukimwekea mtu kioo cha nyumba ya jirani, hajioni.

Kilichonishika ni kijana wa kwaya yetu. Baba yake alimfukuza bomani, akabomoa na simba yake, ile nyumba ya kijana wa kiume ndani ya boma la babake. Mama yake akaja kwangu, hakutaja haki wala Katiba. Aliuliza, "Shemasi, mtoto wa kiume asiye na simba atazikwa wapi?" Nyinyi mlio Wajaluo mnalielewa swali hilo. Hata mwizi ana mahali pake kwenye boma la babake. Nilienda kwa yule mzee jioni hiyo hiyo, nikarudi mara tatu. Simba ilijengwa tena, ya mabati. Mafundisho yangu sijabadilisha.

Nyar Manyatta, Kisumu

Shemasi, asante sana kwa kusema. Nimelisoma la simba mara nne.

Mwelimishaji rika, Nyalenda

Sisi wa kliniki tulishinda kwa hoja ya afya. Ukimwambia OCS, mkuu wa kituo cha polisi, au chifu "nikikamatwa na hizi kondomu na vipimo, virusi vinaendelea kuzunguka hadi kwa wake zenu", anaelewa haraka. Milango ilifunguka ambayo neno haki halikuwahi kuifungua. Lakini gharama yake niliilipa nyumbani. Mama aliona kitambulisho changu cha kazi akasema, "Kumbe ni ugonjwa, basi utapona." Tumejieleza kama kundi la hatari mpaka watu wakatuona sisi wenyewe ndio hatari. Hoja hiyo bado naitumia ofisini, nyumbani sitaitumia tena.

Mwanakakamega

Kwangu ni fupi. Mjomba ni polisi mstaafu, mkali. Nilimsimulia kuhusu wale vijana wawili waliokamatwa Kwale 2015 wakapimwa sehemu za siri kwa nguvu, mpaka Mahakama ya Rufaa Mombasa ikasema tarehe 22 Machi 2018 kwamba ule upimaji ni kinyume cha sheria. Akanyamaza, akasema, "Kazi ile ningekataa." Basi tukaanzia hapo.

Mama wa Section 58, Nakuru

Nina swali. Wifi yangu ananiuliza kila tukikutana: "Leo mmepewa shirika, kesho si mtadai ndoa?" Mnamjibuje?

Nyar Manyatta, Kisumu

Mama, miaka mingi nilijibu hapana. Nilikuwa najificha nyuma ya kifungu cha 45(2) cha Katiba, kinachosema mtu mzima ana haki ya kumuoa mtu wa jinsia tofauti, namwambia kila mtu asiogope, hakuna anayetaka ndoa. Hoja ndogo ndogo zilikuwa zinashinda, nikaona bora tuzilinde. Halafu krismasi iliyopita ndugu yangu alinisikia nikimwambia jirani hivyo. Tulipobaki wawili akasema, "Dada, mimi naitaka. Umeniuliza lini?"

Kwa hivyo sasa nikiulizwa nasema: wengine wanaitaka, ndugu yangu mmoja wao, na Katiba ya leo haimpi. Kisha narudi kwa kilichopo mezani siku hiyo, kama ni chama, kama ni kipigo, kama ni simba. Nimepoteza watu wawili watatu kwa jibu hilo. Baba mdogo yeye amebaki. Juzi kapiga simu, ananiuliza kama yule kijana bado anakula omena au kazi ya Nairobi imemharibu.