Matangazo yanalia nikiwepo, nikigeuka tu spika za juu kimya

mtu_wa_Mwanga

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Nipo Kigoma, naombeni msaada kabla kazi haijaniponyoka. Kuna jengo la hospitali moja hapa mjini, jina naliweka pembeni, lina ground na ghorofa mbili juu, nimepewa kufunga matangazo yanayolia yenyewe kwa ratiba: muda wa kuona wagonjwa umeanza, zimebaki dakika kumi, umekwisha, na lile la saa mbili usiku la kuomba utulivu.

Vitu vyenyewe ni hivi. Spika 16 za IP (za mtandao) zinazopata umeme kwenye waya huohuo wa netiweki. Seva ni Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo), cron (programu ya ratiba) inaita faili la sauti muda ukifika halafu inalirusha kwa multikasti, yaani mara moja kwa wote, kwenye anwani inayoanza na 239, spika zote zinasikiliza hapohapo. Ground kuna swichi ya kawaida isiyo na setingi yoyote, spika 4, na Pi yenyewe imechomekwa hapo. Juu kila ghorofa ina swichi yake ya PoE (inayopitisha umeme kwenye waya wa netiweki) ya kulogini, spika 5 na 5. Zilizobaki 2 zipo jengo la wagonjwa wa nje ng'ambo ya uwanja, kule nimevusha kwa antena mbili za wailesi.

Tatizo sasa. Nikifika nikazima swichi za juu nikawasha, nikapiga tangazo la majaribio, jengo zima linaitika, matroni anatabasamu. Nikishafika getini napigiwa simu kwamba juu hakuna kitu. Ground haijawahi kugoma hata siku moja. Kule ng'ambo sauti inakatakata kama redio ya mbao.

La pili, umeme ukikatika ukarudi matangazo yanachelewa. Juzi umeme ulienda kama dakika arobaini, lile la saa nane mchana likakosekana kabisa, halafu baadae likalia pamoja na lingine kwa mpigo, yakaingiliana, mtu haelewi anaambiwa aingie au atoke.

Na msiniulize kuhusu wiki ya kwanza. Ok nawaambia. Mwenzangu ndo alijaza ratiba, lile la saa mbili usiku akaandika 2:00. Saa nane usiku wodi nzima imelala, sauti ya dada inatangaza tunaomba utulivu, asanteni kwa ushirikiano wenu. Hilo tulishalirekebisha ila jina letu limebaki nalo.

waya_mwekundu

Hahahaa la mgambo likilia kuna jambo, la kwenu linalia saa nane usiku.

Mkuu hapo usisumbuke sana, swichi imezidiwa umeme. Watu wananunua swichi ya PoE wanahesabu matundu tu, hawaangalii jumla ya wati. Spika zikiwa kimya hazili umeme mwingi, zikilia zote kwa pamoja ndo swichi inaanza kuzima moja moja. Angalia nyuma imeandikwa wati ngapi.

mtu_wa_Mwanga

Mkuu nimeangalia, kila moja ina wati 120. Spika ni zile za PoE ya kawaida, hata nikihesabu wati 15.4 kila tundu mara tano ni 77. Halafu taa za matundu hazizimi, na nikifungua ukurasa wa spika kwenye brauza unafunguka vizuri tu, ila sauti ndo hamna.

Bi_Saketi

Mdogo wangu nisikilize, umeme uko sawa. Spika inapatikana kwenye netiweki lakini sauti haifiki, maana yake swichi ndo inaizuia. Fanya hivi: washa swichi ya ghorofa ya kwanza, weka tangazo refu au muziki ujirudie bila kukoma, shika saa ya simu, niambie umekata dakika ya ngapi.

mtu_wa_Mwanga

Dada shikamoo. Nimefanya mara tatu. Unakata dakika ya nne na sekunde kama ishirini hivi, zote tatu palepale!!

Bi_Saketi

Marahaba. Basi umeshapona, sema sasa uelewe kwa nini ili usije ukarudia jengo lingine.

Hizo swichi za juu zina kitu kinaitwa IGMP snupingi na kimewashwa. Chukulia swichi ni mama ntilie. Hapakui sahani kwa kila anayepita, anampakulia aliyesema nakula. Spika ikiwaka inasema nakula, swichi inaiandika, sauti inapita. Lakini orodha hiyo haikai milele, lazima kuwe na mtu wa kupita kila baada ya muda kuuliza jamani nani bado anakula, na spika zijibu. Huyo muulizaji anaitwa kweria. Kwenye mtandao wako hayupo kabisa. Kwa kawaida anatakiwa aulize kila sekunde 125, na swichi inavumilia raundi mbili pamoja na sekunde 10 za kusubiri jibu, jumla 260. Gawa kwa 60 uone kama sio hiyohiyo dakika nne na sekunde ishirini yako. Zikipita bila swali mama ntilie anafuta majina na kufunika sufuria. Ndo maana ukijaribu dakika mbili baada ya kuwasha kila kitu kinalia, unajiona fundi, unaondoka. Ground hakuna shida kwa sababu ile swichi haijui kuchagua, inamwaga kila kitu kila tundu.

Dawa: ingia swichi ya ghorofa ya kwanza, ipe anwani ya IP ya mtandao uleule wa spika, kwenye menyu ya IGMP washa kweria, vesheni ya 2. Ukiwasha na kwenye ya pili hazigombani, yenye anwani ndogo ndo inachukua zamu. Kama toleo la swichi yako halina hiyo menyu basi zima snupingi kabisa, tangazo lenye sauti ya ubora wa simu ni kilobiti 64 kwa sekunde na nyongeza kidogo, kwenye waya wa megabiti 100 halionekani hata.

Ila kwenye wailesi HAPANA usimwage. Multikasti hewani inarushwa kwa spidi ya chini kabisa na haina risiti, kifurushi kikipotea hakirudiwi, ndo hiyo redio ya mbao. Zile spika 2 zirushie nakala ya moja kwa moja, kila moja kwa anwani yake. Ukipata hela baadae vuta faiba, usivute waya wa shaba kukatisha uwanja, radi za huko kwenu nazijua, nimekaa Kigoma masika mbili nikazika routa tatu.

waya_mwekundu

Dada nimekaa pale. Mi ningemuuzia swichi mpya aisee.

mwl_Ipuli

Salaam kutoka Tabora. Mimi ni mwalimu sio fundi ila kengele ya shule yetu inaendeshwa na Raspberry hiyohiyo, na hilo la saa lilinitesa muhula mzima.

Kwanza kanuni niliyoandika ukutani: tangazo likikosea kwa saa sita ni binadamu kajaza saa za Kiswahili, likichelewa saa tatu kamili ni mashine imebaki UTC (saa ya kimataifa), iwekee Africa/Dar_es_Salaam. Likichelewa kwa muda usioeleweka ni umeme.

Hiyo Pi 4 haina betri ya saa. Ikizimwa ghafla haijui imelala muda gani, ikiamka inaendelea na saa ya mwisho iliyojiandikia, na inajiandikia mara moja kwa saa. Kwa hiyo umeme ukikatika dakika 40 inaweza ikawa nyuma hata saa na nusu. Itajisahihisha ikipata NTP (huduma ya kutoa saa sahihi) kwenye intaneti, lakini routa nayo ndo inaamka, au bando limeisha na bosi hajatoa hela. Mkitegemea routa iwape saa, nyingi ndogo nazo hazina betri, mtakuwa vipofu wawili mnashikana mikono.

Na yale matangazo mawili kwa mpigo ni cron. Saa ikiruka mbele chini ya saa tatu, cron ya Debian (mfumo wa Pi) inafidia palepale kazi zilizopangiwa saa maalumu zikarukwa. Kwa kazi nyingine ni jambo zuri, kwa kengele ni balaa, sisi tulipigiwa mapumziko na kuingia darasani kwa sekunde moja, watoto wakachagua mapumziko.

Weka kibao kidogo cha saa cha DS3231, kinakaa kwenye pini za Pi, kina betri yake kinahesabu hata giza likiwepo. Kuwa makini tu, baadhi ya hivyo vibao vina saketi ya kuchaji na watu wanaweka betri ya CR2032 ambayo haichajiwi, hapo ama uweke ya kuchajika ama saketi iondolewe. Halafu kwenye skripti yako ongeza kipengele, kabla ya kulia iangalie saa, kama muda wake umepita zaidi ya dakika mbili inyamaze.

mtu_wa_Mwanga

Wakuu nimerudi, siku ya nne leo. Kweria imewashwa, juu kunalia asubuhi mchana jioni bila mimi kuwepo. Wagonjwa wa nje nimewarushia moja moja, sauti imenyooka. Kibao cha saa nimeagiza Dar kinakuja na basi, ila kile kipengele cha skripti nimeshaweka na jana umeme ulikatika mara mbili hamna tangazo lililolia ovyo. Mwalimu kanuni yako nimeiprinti nimebandika kwenye kabati la swichi, nimeisaini jina la mwenzangu.

Bi_Saketi

Safi. Sasa punguza sauti ya wodini kwa lile la usiku, spika nyingi zinakubali kiwango tofauti kwa kila anwani ya multikasti, kwa hiyo la usiku lipe anwani yake. Na rekodi kwa Kiha pia, bibi katoka kijijini anamuuguza mjukuu, Kiswahili cha dada wa tangazo kinampita juu.

mtu_wa_Mwanga

Hilo la Kiha matroni kalipenda kuliko vyote. Kuna nesi wa Kasulu kakubali kurekodi Jumamosi, ila kalisikiliza langu la Kiswahili kasema anakata nusu, eti linapoisha mtu ameshafika stendi.