Mjadala: Je, Zmarzlik amekwisha kumpita Gollob?

Mwanamtoni: Ndugu zangu, tangu Bartosz Zmarzlik atwae taji lake la 6 la dunia mwaka 2025, akimzidi Brady Kurtz wa Australia kwa pointi 1 tu, naona swali la nani mkubwa katika spidiwei ya Poland, yaani mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo ya mviringo, halina tena mjadala. Tomasz Gollob alikuwa bingwa mara 1, mwaka 2010, akiwa na miaka 39. Jerzy Szczakiel wa mwaka 1973 simuhesabu, kwa kuwa lile lilikuwa taji la kuokota.

Bint Mwembe: Nilikuja kumtetea Gollob na medali zake 7 za dunia, lakini neno hilo "kuokota" limenichoma. Szczakiel ndiye Mpoland wa kwanza kuwa bingwa wa dunia, na alimshinda Ivan Mauger, bingwa aliyekuwa akitetea taji, pale Chorzów, Poland, mbele ya watazamaji zaidi ya laki moja. Kitu kinachochukuliwa mbele ya kadamnasi ya namna hiyo, na mwenyewe akiwapo, hakijaokotwa.

Mwanamtoni: Dada yangu, Mauger alianguka katika mbio ya ziada ya kuamua bingwa. Aliyebaki wima alikabidhiwa taji.

Fundi Kombo: Pikipiki zile hazina breki, zina gia moja, zinatumia methanoli, na kona hukatwa kwa kuserereza gurudumu la nyuma. Kubaki wima kwa mizunguko 4 ndiyo kazi yenyewe, bwana. Hao wenzetu wa bodaboda wanaojisifu kwa kupita katikati ya malori wangeanguka kona ya kwanza. Isitoshe, kama sikosei, wote wawili walifika hapo wakiwa na pointi 12 kila mmoja.

Bint Mwembe: Zilikuwa 13, Fundi. Hizo 12 ni za Zenon Plech, aliyekuwa wa tatu.

Mwanamtoni: Ziwe 12 au 13, fainali ya siku moja humpa nafasi hata mtu wa kubahatisha. Zmarzlik hushindana msimu mzima wa Grand Prix, yaani raundi nyingi ambazo pointi zake hujumlishwa.

Bint Mwembe: Basi huyo mtu wako wa kubahatisha ndiye aliyetwaa ubingwa wa dunia wa wawili wawili mwaka 1971 pale Rybnik, akiwa na Andrzej Wyglenda, huku Mauger na Barry Briggs wa New Zealand wakiachwa nyuma. Bahati iliyomtembelea mtu mara mbili, na mara zote mbili ikamkuta Mauger, ningependa kuelezwa inaitwaje.

Mzee Saidi: Wanangu, nami niseme. Zmarzlik mwenyewe aliondolewa katika raundi ya Vojens, Denmark, mwaka 2023 kwa sababu ya vazi lisiloruhusiwa, kisha akalitwaa taji katika raundi ya Toruń, Poland. Kama angelikosa taji, tungesema mshindi ameliokota kwa sababu ya nguo? Naye Gollob mwaka 1999 alikuwa akiongoza, akaumia Wrocław kabla ya raundi ya mwisho, taji likaenda kwa Tony Rickardsson. Sijasikia Msweden huyo akiitwa mwokotaji.

Mwanamtoni: Shikamoo, Mzee. La Rickardsson nalo nilikuwa na mashaka nalo siku zote.

Fundi Kombo: Sasa tumefika Sweden.