Mrejesho: nimeandika kuhusu wazazi wangu

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza niandikeje kuhusu kufiwa na mzee na bi mkubwa, maana kila nikianza inatoka kama risala ya msibani. Mmoja akasema anza na kitu kimoja tu cha mama. Basi wikiendi nikapanda Kibosho, kule Moshi, nikakaa kihambani (shamba la familia) pale makaburini, nikaandika kuhusu kandambili zake, bado ziko mlango wa jikoni, ya kushoto kaishona kwa waya. Kurasa mbili zikatoka zenyewe. Na lile la aibu nikaliweka, kwamba mzee alipofariki nilipumua, kuuguza kulinichosha jamani. Dada kasoma, kanyamaza weee, halafu akasema hata yeye. Bro mkubwa sijampa, huyo atasema naanika familia.