Pannukakku ya Alhamisi kwenye kikundi cha ukoo

*Kikundi: Ukoo wa Ngamiani*
*Alhamisi*

Mwanaisha (Tampere): [picha]

Mwanaisha (Tampere): Shikamooni wakubwa. Nasri karudi shule analalamika. Leo walipewa supu ya njegere na pannukakku, kipande kimoja tu kila mtoto. Basi nyumbani ikabidi nipike trei zima.

Mama Mkubwa Saumu (Tanga): Marahaba mwanangu. Hiyo ni mkate wa mayai?

Mwanaisha (Tampere): Hapana mama, ni pankeki ya huku Finland. Rojo lote linamiminwa kwenye trei ya oveni, likiiva unakata vipande kwa kisu. Hakuna kugeuza, hakuna kusimama jikoni na mwiko.

Hamisi (Temeke): Pankeki ya mraba 😂

Mjomba Bakari (Temeke): Hizo ni chapati za maji. Wametia kwenye oveni, wakazipa jina.

Mwanaisha (Tampere): Mjomba nawe! Chapati za maji wanazo, ni zile nyembamba za kwenye kikaango, wanaita lettu. Hii ni nyingine. Nene kama kidole, katikati laini inakaribia kastadi, pembeni kavu na imeungua kidogo. Nasri anagombania kona.

Salma (Mombasa): Kona ndiyo tamu siku zote. Kwani mbona Alhamisi? Jumatatu haiwi?

Mwanaisha (Tampere): Inakuwa, lakini Alhamisi ndiyo siku yake. Shuleni, jeshini, migahawa ya mchana maofisini, Alhamisi ni supu ya njegere kavu na pannukakku. Wenyewe wanasimulia kwamba ni ya tangu enzi za Ukatoliki: Ijumaa nyama hailiwi, basi Alhamisi watu wanajishindilia. Ukatoliki uliondoka huku karne ya 16, nchi ikawa ya Kilutheri, supu ikabaki palepale.

Mjomba Bakari (Temeke): Hilo nimelipenda. Dini imekwenda, sufuria halijatoka jikoni.

Mama Mkubwa Saumu (Tanga): Hiyo supu ina nguruwe?

Mwanaisha (Tampere): Ya kawaida ina nguruwe, ndiyo. Nasri anapewa ya mboga tupu, shule wanajua. Pannukakku yenyewe haina tatizo: maziwa, mayai, ngano, siagi.

Hamisi (Temeke): Na hayo mnalipia shilingi ngapi da Mwana?

Mwanaisha (Tampere): Bure. Chakula cha mchana shuleni ni bure kwa kila mtoto tangu 1948. Awe wa waziri awe wa mfagizi, wanapanga foleni moja.

Hamisi (Temeke): Nihamishieni usajili.

Salma (Mombasa): Da Mwana toa vipimo. Watoto wangu washaona picha, sina pa kukimbilia.

Mwanaisha (Tampere): Huku kila kitu kinapimwa kwa desilita, nimeshabadilisha:
maziwa mililita 800
ngano robo kilo
mayai 4
sukari vijiko vikubwa 2, ukipenda 3
chumvi kijiko kimoja cha chai
siagi gramu 75 hivi, iyayushwe

Mwanaisha (Tampere): Mayai yapige kwanza na sukari na chumvi. Tia maziwa kidogo, kisha ngano yote, koroga mpaka madonge yaishe, ndipo maziwa yaliyobaki. Ukimwaga maziwa yote mara moja utafukuzana na madonge mpaka Magharibi. Siagi mwisho. Kisha liache rojo nusu saa.

Mama Mkubwa Saumu (Tanga): Hamira umeisahau.

Mwanaisha (Tampere): Haina hamira mama.

Mama Mkubwa Saumu (Tanga): Beking pauda basi.

Mwanaisha (Tampere): Wapo wanaotia kijiko cha chai, huku nako wanabishania. Mimi sitii. Rojo ni jepesi sana, maji yake yakipata moto mkali yanageuka mvuke na kuliinua, na mayai yanashika kabla mvuke haujatoka. Kinachoinua ni moto. Kwa hiyo oveni iwe imeshapata moto kweli kabla hujaweka trei, digrii 225. Yenye feni 200 inatosha.

Mjomba Bakari (Temeke): Na kulilaza hiyo nusu saa ni kwa nini, kama hakuna hamira ya kuumuka?

Mwanaisha (Tampere): Ngano inywe maziwa mjomba. Ukikoroga tu ukaoka, unga unatuama chini. Juu inakuwa yai, chini kitu kigumu cha kutafuna.

Salma (Mombasa): Oveni yangu ya gesi ina namba tu, 1 hadi 8.

Mwanaisha (Tampere): Weka 7. Trei iwe na ukingo, tandika karatasi ya kuokea, rojo lisizidi kimo cha sentimita moja. Dakika 30 hivi. Mlango usiufungue nusu ya kwanza.

Salma (Mombasa): Nimeanza. Maziwa nilikuwa nayo ya chai ya jioni, shauri yao.

*18:51*

Salma (Mombasa): Da Mwana

Salma (Mombasa): DA MWANA

Salma (Mombasa): [video]

Salma (Mombasa): Yavimba!! Upande mmoja imeinuka mpaka yataka kugusa waya wa juu, upande wa pili imelala. Nizime?

Mwanaisha (Tampere): Usizime wala usifungue! Ndivyo inavyokuwa. Inatoa mapovu makubwa, inajikunja inavyotaka. Ukiitoa inashuka yenyewe ndani ya dakika mbili.

Hamisi (Temeke): Hiyo video nimeiangalia mara nne. Inapumua ile kitu.

Salma (Mombasa): Imeshuka sasa. Juu ina madoa ya kahawia, katikati yatikisika kidogo ukisukuma trei. Imeiva ama bado?

Mwanaisha (Tampere): Chomeka kisu katikati. Kikitoka na rojo jeupe, rudisha dakika tano. Kikitoka kinang'aa siagi tu, imeiva. Kutikisika si kosa.

Salma (Mombasa): Ya siagi. Twala na nini?

Mwanaisha (Tampere): Jemu ya stroberi, na krimu iliyopigwa kama ipo. Mimi jemu yangu ni ya stroberi za Julai. Kiangazi wanauza uwanjani Laukontori kwa lita, wanakujazia kipimo mpaka juu, na kila mwuzaji anasema za kwake zinatoka Suonenjoki maana ndiko kunakosifika. Lakini hapo ulipo, jemu ya nanasi inafaa kabisa.

Salma (Mombasa): Nina ya maembe. Nitawaambia.

Salma (Mombasa): Imekwisha. Baba watoto alikuwa msikitini, amekuta karatasi.

*Ijumaa*

Mama Mkubwa Saumu (Tanga): Ijumaa njema nyote. Mwana, mimi sina oveni, unajua. Nataka kuipika kwa mkaa kesho, wajukuu wanakuja.

Mwanaisha (Tampere): Ijumaa njema mama. Nilijua utaulizia, jana usiku nimewaza. Kuna mkoa huku magharibi, Pohjanmaa, wao yao wanaiita kropsu. Wanatia siagi kwenye chombo, chombo kinaingia kwenye moto peke yake mpaka siagi inachemka, ndipo wanamwaga rojo juu yake. Linalia chwaaa, pembeni panakauka vizuri. Wewe fanya hivyo na samli.

Mama Mkubwa Saumu (Tanga): Samli ninayo ya Pangani.

Mwanaisha (Tampere): Basi. Sufuria pana la chini bapa, lile la ubwabwa wa watu wengi. Samli ichemke, mwaga rojo nusu ya kipimo cha Salma, funika kwa mfuniko bapa, palia makaa juu.

Mama Mkubwa Saumu (Tanga): Sasa hapo kwenye makaa unataka kunifundisha mimi? Juu mengi, chini machache, na majivu kidogo chini yasichome. Mkate wa sinia nimepika kabla mama yako hajaolewa.

Mwanaisha (Tampere): 🙏🏾 Naomba radhi mama.

Mjomba Bakari (Temeke): Mwana, zile nyembamba hujazimaliza. Lettu.

Mwanaisha (Tampere): Lettu ni chakula cha nje, kwa mimi navyoona. Ndani ya nyumba zinatosha tu. Wana kikaango cha chuma kipana mno, muurinpohjapannu, kinasimama kwa miguu juu ya moto wa kuni au wa gesi. Rojo linamwagwa upawa mmoja, linatandazwa mpaka linakuwa jembamba, pembeni panatoboka matundumatundu na kukauka. Hayo matundu ndiyo wanayoyasifia.

Mwanaisha (Tampere): Mwezi wa tano jengo letu lilikuwa na msaragambo, wao wanaita talkoot. Kila mpangaji na reki yake, tunakusanya majani yaliyolala chini ya theluji toka mwaka jana, mchanga unafagiliwa. Halafu mzee wa ghorofa ya kwanza, ambaye miaka yote salamu yake ni kuinamisha kichwa, akatoa kikaango akaanza kumwaga lettu. Kila anayemaliza reki anapata moja na sukari. Sikupata kusikia majirani wakiongea vile. Mimi nikamwuliza rojo lake lina nini, akasema nusu ngano, nusu shayiri. Shayiri inaipa ladha ya nafaka, haiwi laini tupu.

Mjomba Bakari (Temeke): Unaona? Chapati za maji. Nimesema tangu jana.

Mwanaisha (Tampere): Mjomba, kwa lettu nakupa. Kwa pannukakku sikupi.

Hamisi (Temeke): Mimi geto nina jiko la gesi la plate moja na kikaango kimoja. Nipe za lettu.

Mwanaisha (Tampere): Maziwa nusu lita, mayai 3, ngano gramu 150, chumvi nusu kijiko cha chai, siagi vijiko viwili iliyoyayushwa. Nusu saa lilale vilevile. Kikaango kiwe cha moto kiasi tone la rojo linaganda hapohapo. Geuza juu ikishakauka, si kabla, utaichana.

Hamisi (Temeke): Mayai matatu mtu mmoja?

Mwanaisha (Tampere): Zinatoka kama kumi. Mwite jirani.

Hamisi (Temeke): Jirani ndiye mwenye mayai 😂 nimemwita.

Salma (Mombasa): Da Mwana nimetafuta picha mtandaoni nimeona zingine nyeusi tititi. Zimeungua ama ni chokoleti?

Mwanaisha (Tampere): Hizo achana nazo, zina damu. Wanachanganya damu kwenye rojo, zinauzwa dukani zimefungwa kabisa, rafu moja na zile za kijani. Za kijani ni za mchicha, hizo hazina neno. Nikifika kwenye friji la duka namshika Nasri mkono, maana yeye anachukua kwa rangi ya pakiti.

Mama Mkubwa Saumu (Tanga): Astaghfirullah. Na za mchicha zinaliwa na jemu?

Mwanaisha (Tampere): Na jemu mama, ya tunda jekundu chachu la porini, puolukka. Wiki hizi ndiyo yanaiva. Msituni mtu yeyote anaruhusiwa kuchuma, msitu uwe wa nani, hulipi wala huombi ruhusa, ila usikaribie ua wa nyumba ya mtu. Jumapili tunaenda na ndoo.

Mjomba Bakari (Temeke): Msitu wa mtu, hujaomba, na hakuna anayekukimbiza na panga?

Mwanaisha (Tampere): Hakuna mjomba. Mbu tu.

Salma (Mombasa): Yenye viungo hakuna? Hizi zote naona chumvi na sukari. Ladha imepoa kidogo kwa sisi, niseme ukweli.

Mwanaisha (Tampere): Ipo moja utaipenda. Kuna visiwa kati ya hapa na Sweden, Åland, wao pannukakku yao ni ya uji. Wanapika uji mzito wa semolina kwa maziwa, wengine wa mchele, wanauacha upoe, wanatia mayai, sukari, ngano kidogo na ILIKI. Inaokwa polepole kuliko ya kawaida, inaliwa na jemu ya plamu kavu na krimu.

Salma (Mombasa): Iliki?? Wazungu?

Mwanaisha (Tampere): Wanaipenda kupita kiasi. Mikate yao yote ya chai ina iliki. Siku ya kwanza nilipopita mbele ya duka la mikate hapa nilisimama nikanusa, nikajua nchi hii nitakaa.

Mama Mkubwa Saumu (Tanga): Plamu ziko Lushoto. Msimu ukifika mwisho wa mwaka nitamwagiza mtu.

*Jumamosi*

Mama Mkubwa Saumu (Tanga): [picha]

Mama Mkubwa Saumu (Tanga): Haya.

Salma (Mombasa): Maashallah! Limepanda mpaka kwenye mfuniko!

Mwanaisha (Tampere): Mama hiyo imetoka kuliko yangu. Pembeni pale palivyokauka! Umetia iliki?

Mama Mkubwa Saumu (Tanga): Nimetia. Na tui kidogo badala ya maziwa yote. Na beking pauda.

Mwanaisha (Tampere): Mama!

Mama Mkubwa Saumu (Tanga): Ncha ya kijiko. Wajukuu wamekula, hakuna aliyeuliza.

Hamisi (Temeke): Mama mkubwa kaanzisha mkoa wake 😂😂

Salma (Mombasa): Mama mkubwa tupe vipimo vya hilo la tui. Gramu ngapi?

Mama Mkubwa Saumu (Tanga): Mimi sijui gramu. Unga kikombe kimoja cha bati, tui kikombe, maziwa nusu kikombe.

Salma (Mombasa): Kikombe kipi cha bati?

Mama Mkubwa Saumu (Tanga): Kile cha marehemu bibi yenu, cha bluu. Nimepima kwa macho tu maana sikioni tangu Idi.

Mjomba Bakari (Temeke): Kiko kwangu hicho.

Mama Mkubwa Saumu (Tanga): Nilijua. Mpe Hamisi akija, na usimpe kitupu.