Mto wa Mbu mpaka Ziwa Natron kwa baiskeli, nani amewahi?

msukapedali
Wakuu habari za saa hizi. Kuna kampuni imetupangia safari ya siku 4 mwezi wa nane, tunatoka Mto wa Mbu tunalala Engaruka, kesho yake Engaresero pale Natron, na usiku huohuo tunaanza kupanda mlima wa volkano Ol Doinyo Lengai. Mimi naendesha lami tu, wikiendi km 50 hivi bila shida. Je ile njia mtu wa kawaida anaiweza? Na huyo mwongozaji ana kazi gani kama barabara ni moja, maana bei yao imenitoa jasho kabla sijapanda hata baiskeli.

Mzee Solusheni
Mkuu barabara ni moja kwenye ramani tu. Ukivuka Engaruka inagawanyika, za magari za ng'ombe zote vumbi, ukishika ya ng'ombe unatokea kwenye boma la mtu. Halafu km za lami usizihesabu kabisa, kule kuna majivu ya Lengai laini kama unga, tairi jembamba linazama unashuka unasukuma jua la saa nane. Na miba ya migunga sasa! Sisi watu wanne siku ya kwanza pancha 11, solusheni ikaisha mchana. Waulize kama matairi ni mapana na yamewekwa ile dawa ya kuziba pancha kwa ndani.

chuma_ya_mjerumani
Kampuni wizi tu, mi nilienda mwenyewe na ramani ya simu.

Mzee Solusheni
@chuma na maji ulibeba wapi? Ziwa lile ni magadi, hunywi. Gari la kufuata nyuma ndo unalolipia hapo, mengine mbwembwe. Na mageti ya ushuru ya halmashauri yapo zaidi ya moja, usipokuwa na mtu anayejua utaratibu utakaa hapo unabishana.

Binti wa Monduli
Kaka mimi kilichonishtua ni Lengai. Ziwa liko kama mita 600 tu, kilele mita 2,962, na watu wanaanza kupanda kama saa sita usiku kukwepa joto. Mteremko mkali, changarawe inateleza, sasa upande na mapaja yaliyopiga pedeli siku mbili?? Waambie mlale usiku mmoja kwanza, mchana nendeni maporomoko ya Ngare Sero mkaoge. Ukifika juu utafurahi lakini, ndo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya aina ile, inatoka nyeusi ikikutana na unyevu inageuka nyeupe, ndo maana kwa mbali utadhani theluji. Na Engaruka msipite mbio, kuna mawe ya mashamba na mifereji ya watu wa zamani, karne ya 15 mpaka ya 18 huko. Wengi wanalala hapo wanaondoka alfajiri hawajaona kitu, inaniuma.

msukapedali
Asante dada. Na flamingo mwezi wa nane wapo?

Binti wa Monduli
Natron ndo wanakozalia, ila mara nyingi wanakaa mbali kwenye tope, beba darubini.

msukapedali
Nimewapigia, wamekubali Lengai isogee usiku mmoja mbele. Gari lipo, matairi mapana yapo, dawa wanasema "tutaangalia". Basi nanunua solusheni yangu mwenyewe. Nani ana siti laini ya kuniazima?